Tovuti za halmashauri zipangwe kwa shida ya mwananchi, si kwa muundo wa ofisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloonekana dogo mpaka siku ambayo mtu analihitaji, nalo ni mpangilio wa habari katika tovuti za ofisi zetu za umma, hasa zile za halmashauri. Sitazungumzia rangi, picha wala mwendo wa kufunguka kwa kurasa, kwa kuwa hayo yameshalalamikiwa vya kutosha. Nitazungumzia mahali habari inapowekwa, jina inalopewa na njia anayopitishwa mtu ili aifikie. Nimeitumikia kazi ya ukutubi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukiweka kitu mahali ambapo mtu asiyekufahamu, na ambaye hayupo mbele yako akakuuliza, atakikuta bila msaada.

Tanzania Bara ina halmashauri 184, na tovuti zake zimejengwa kwa sura inayokaribiana sana: ukurasa wa mwanzo wenye picha za viongozi, kisha menyu yenye maneno kama "Kuhusu Sisi", "Utawala", "Huduma Zetu", "Machapisho" na "Kituo cha Habari". Kufanana huko sikulaumu hata kidogo. Mtu aliyeizoea tovuti ya wilaya yake hapati taabu anapohamia wilaya nyingine, na marekebisho mazuri yakifanyika mahali pamoja yanaweza kuigwa kote. Ninacholaumu ni kwamba kilichonakiliwa kote ni muundo wa ofisi. Fungua sehemu ya "Utawala" utakuta idara na vitengo vimepangwa kama vilivyo kwenye chati iliyobandikwa ukutani kwa mkurugenzi, na ukiingia katika idara yoyote utasomewa majukumu yake: kuratibu, kusimamia, kuwezesha, kushauri. Mtumishi mpya anayeripoti kazini atafaidika na maelezo hayo. Mwananchi hakuja kuripoti kazini.

Tuchukue mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika tovuti nilizozipitia, habari za mikopo hiyo mara nyingi zimetawanyika: kanuni zimo kwenye "Machapisho", fomu imo kwenye "Fomu Mbalimbali", muda wa kupokea maombi umo kwenye "Matangazo", picha ya mfano wa hundi ikikabidhiwa kwa kikundi imo kwenye "Kituo cha Habari", na idara inayoshughulikia jambo lenyewe, yaani Maendeleo ya Jamii, imo kwenye "Utawala". Kila kipande kimewekwa mahali pake halali kwa hesabu za aliyekiweka. Lakini kijana anayetaka kujua kama kikundi chake kinastahili kuomba, kinatakiwa kuwa na nini na kianzie ofisi gani, hawezi kujua kwamba sehemu ya kwanza ya jibu lake ni chapisho, ya pili ni fomu na ya tatu ni tangazo. Yeye anatafuta mkopo, na neno mkopo halipo popote kwenye menyu.

Hapo ndipo lilipo kosa la msingi. "Machapisho", "Nyaraka", "Fomu", "Matangazo" na "Video" ni majina ya maumbo, si ya mambo. Ni sawa na maktaba kupanga vitabu vyake kwa unene wa majalada. Mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876 na ambao bado unatumika katika maktaba nyingi duniani, hugawa maarifa katika makundi makuu 10 kwa kufuata mada, ndiyo maana kijitabu chembamba cha ufugaji wa nyuki na kitabu kinene cha jambo hilo hilo vyote hukaa penye namba 638, bega kwa bega. Mfumo huo una kasoro zake nyingi, na sisi tuliokulia ndani yake ndio tunaozijua zaidi. Mpangilio wake wa dini, kwa mfano, ulielemea mno upande wa Ukristo. Lakini haujawahi kumlazimisha msomaji akisie umbo la kitabu kabla hajaruhusiwa kukitafuta.

Watakaonijibu watasema kwamba ofisi haiwezi kufanya kazi bila mpangilio wake wa ndani. Ni kweli, na mpangilio huo una mahali pake, nako ni masjala. Masjala hupanga majalada kwa namba na kwa idara kwa sababu wanaoyatumia ni watumishi wanaoijua ofisi. Ugumu umeanzia pale tulipoichukua masjala, tukaifungulia mlango wa mbele na kuiita tovuti. Wasomaji wawili tofauti wanahitaji mipangilio miwili tofauti, na kompyuta, tofauti na rafu, inaruhusu kitu kimoja kionekane mahali pawili bila kukinunua mara mbili.

Jirani yangu alipotaka kujenga, alitafuta masharti ya kibali cha ujenzi katika tovuti ya halmashauri moja ambayo sina haja ya kuitaja. Ukurasa wa idara husika ulieleza kwamba idara hiyo "inashughulikia vibali vya ujenzi", basi, bila neno la ziada. Masharti yenyewe, pamoja na idadi ya siku ambazo mwombaji anapaswa kusubiri, yalikuwa ndani ya Mkataba wa Huduma kwa Mteja, waraka mrefu uliopigwa picha karatasi kwa karatasi na kupandishwa kama faili la PDF. Kwa kuwa kurasa zilikuwa picha, maneno yaliyomo hayakuweza kutafutwa kwa kisanduku cha kutafutia cha tovuti yenyewe. Halmashauri ilikuwa na jibu sahihi na kamili, tena imelitangaza kwa umma kama inavyotakiwa, lakini kwa mtu mwenye simu na bando la kupima halikuwa na faida.

Tatizo huwa zito zaidi pale shida moja inapopita katika ofisi nyingi. Anayetaka leseni ya udereva atakwenda kwanza, kwa mawazo ya kawaida kabisa, kwenye tovuti ya Jeshi la Polisi, kwa sababu anayemsimamisha barabarani na kuidai leseni hiyo ni askari. Polisi kweli ndio wanaompima uwezo wake wa kuendesha, lakini leseni inatolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA. Akitaka kubeba abiria kwa bodaboda au daladala, kuna leseni nyingine ya usafirishaji inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mgawanyo huo una sababu zake za kisheria na siupingi. Ninachosema ni kwamba kila taasisi imeeleza kipande chake tu, kana kwamba mwombaji ameshaelezwa vipande vingine na mtu mwingine. Hata kiungo cha mstari mmoja, "ukimaliza hapa nenda TRA", mara nyingi hukioni.

Nisionekane kama mtu asiyeona jema, nitaje mahali ambapo kazi hii imefanywa vizuri hapa hapa nyumbani. Matokeo ya mitihani katika tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA, yanafuata mtihani, kisha mwaka, kisha shule. Kwa ndani Baraza huzitambua shule kwa namba za vituo, ile S na tarakimu zake nne, lakini mzazi ambaye hajui namba anakuta juu ya ukurasa herufi za alfabeti ambazo zinampeleka kwenye majina ya shule. Vivyo hivyo orodha za wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, zinazotolewa na TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa: unachagua mkoa, kisha halmashauri, kisha shule. Hakuna mzazi nchini asiyejua mwanawe alisoma mkoa gani na shule gani. Siku matokeo yanapotoka tovuti hizo hulemewa na watu, na kila mtu hulalamikia kasi, lakini sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba amefika na hakujua aelekee wapi. Siri yake ni kwamba kila hatua inamuuliza mgeni kitu ambacho tayari anakijua.

Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kitumike kwa kila menyu. Anayeingia katika tovuti ya halmashauri anajua nini kabla hajafika? Anajua anakokaa, anajua shida yake, anajua pengine jina la fomu aliyoagizwa na mwenyekiti wa mtaa. Hajui jina la idara, hajui sheria husika ni namba ngapi ya mwaka gani, hajui tofauti kati ya kanuni, mwongozo na waraka. Menyu inayotaka aanze na asiyoyajua imemfungia mlango hata kama kila kitu kimo ndani.

Wenzetu wa Uingereza walikabiliana na jambo hili kwa ukali kuliko tunavyothubutu sisi. Oktoba 2012 walizindua GOV.UK, ambayo ilichukua nafasi ya tovuti kubwa mbili za huduma, Directgov na Business Link, na katika miaka miwili iliyofuata wizara zote pamoja na mamia ya taasisi zikahamishia habari zao humo. Mwananchi anayeingia hakuti orodha ya wizara mbele yake. Anakuta vichwa kama uzazi, vifo na ndoa, uendeshaji wa magari na usafiri, makazi, kodi, ajira. Kurasa nyingi sana za zamani hazikuhamishwa kabisa, kwa hoja kwamba hakuna mwananchi aliyezihitaji. Lawama hazikukosekana: wataalamu waliokuwa wamezoea maelezo ya kina katika tovuti za idara walilalamika kwamba yamepunguzwa mno au yamefichika. Nafikiri malalamiko yao yalikuwa ya haki kwa sehemu, na ni onyo kwa yeyote anayedhani kupanga upya ni kufuta tu. Sisi hatuna haja ya kuziunganisha tovuti zote leo. Lakini hatua yao ya kwanza, yaani kujiuliza watu wanakuja kutafuta nini kabla ya kuamua kiwekwe wapi, haihitaji bajeti ya Uingereza.

Haihitaji hata mtaalamu kutoka nje ya jengo. Maswali ya wananchi yanajulikana tayari, na wanaoyajua ni watu wa mapokezi, maofisa watendaji wa kata, na yule mama wa masjala ambaye kila asubuhi anaulizwa mambo yale yale. Afisa Habari akikaa nao kwa wiki moja akiandika kila swali linaloulizwa, kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, atakuwa na orodha bora kuliko itakayotoka katika kikao cha wakuu wa idara. Maswali hayo yaandikwe kila moja kwenye kadi yake. Kisha waitwe wananchi wa kawaida, watu kama kumi na tano wa rika na kazi mbalimbali, na kila mmoja kwa wakati wake apewe kadi zote azipange mafungu kwa jinsi anavyoona yanafanana, halafu aulizwe kila fungu angeliita jina gani. Watu hawatalingana katika kila kadi, na si lazima walingane. Lakini mafungu manne au matano yatajitokeza mara kwa mara, na hayo ndiyo menyu. Najua kutakuwa na kadi mbili tatu ambazo kila mtu anaziweka mahali tofauti. Hizo ziwekewe viungo kila mahali zilipotajwa, badala ya kutupiwa katika fungu la "Mengineyo", ambalo katika kila tovuti niliyoiona ni kaburi la habari.

Baada ya hapo ijaribiwe, na majaribio yenyewe ni mepesi. Mtaalamu wa matumizi ya tovuti Jakob Nielsen, mzaliwa wa Denmark, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya tovuti, na kwamba ni afadhali kuwajaribu watano, kurekebisha na kurudia kuliko kuwangoja mia moja. Asiulizwe mtu kama ameipenda tovuti. Kwa adabu zetu atasema ameipenda. Apewe simu aambiwe, "Mwanao anahamia shule ya wilaya nyingine, tafuta unachotakiwa kupeleka," kisha afisa anyamaze na kutazama kidole kinakwenda wapi kwanza. Ni vigumu sana kunyamaza, lakini hapo ndipo kasoro zinapojitokeza. Na iwe simu kweli, kwa sababu kwenye kioo kidogo menyu yote hufichwa nyuma ya vistari vitatu pembeni, na watu wengi hawavigusi vistari hivyo. Mambo matano au sita yanayoulizwa zaidi yanapaswa kuonekana wazi kwenye ukurasa wa mwanzo, mahali ambapo sasa picha kubwa za vikao zinapishana.

Kuhusu majina, nitasema machache. Kiungo kiseme kinakopeleka: "Masharti ya leseni ya biashara" ni jina, "Bofya hapa" na "Soma zaidi" si majina. Tangazo liwe na mwaka katika kichwa chake, kwa sababu "Tangazo la Nafasi za Kazi" lisilo na tarehe limewapotezea nauli vijana wengi. Faili liitwe kwa kilichomo ndani yake, si kwa namba iliyotolewa na mashine ya kuskani.

Kisanduku cha kutafutia nacho kina ugumu wake katika Kiswahili ambao watengenezaji wa programu za nje hawakuufikiria. Maneno yetu hubadilika mwanzoni. Aliyeandika "kibali" hataletewa ukurasa wenye "vibali", wala wa "cheti" hatapata "vyeti", ikiwa programu inalinganisha herufi tu, jambo ambalo ndilo la kawaida. Dawa yake ni ile tuliyoitumia katika katalogi za kadi, ambapo palikuwa na kadi zisizo na kitabu chochote bali neno "tazama" linalomwelekeza msomaji kwenye jina lililotumika. Kila ukurasa wa huduma uandikiwe, hata kama ni chini kabisa, maneno mengine ambayo watu huyatumia kulitaja jambo hilo, umoja na wingi, rasmi na ya mtaani. Anayetafuta cheti cha kuzaliwa asilazimike kulijua kwanza jina la RITA, wakala unaosajili vizazi na vifo, na ukurasa wa halmashauri unaomwelekeza huko si aibu kwa halmashauri.

Najua maofisa habari na wenzao wa TEHAMA watakaosoma barua hii watasema mikono yao imefungwa, kwamba sura ya tovuti na miongozo inatoka juu na wao hawana ruhusa ya kugusa menyu. Kwa sehemu wako sahihi, na ndiyo maana naomba barua hii isomwe pia na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na yenye dhamana ya viwango vya tovuti za Serikali. Viwango hivyo vikitaka kila halmashauri iwe na ukurasa mmoja kwa kila huduma, wenye masharti, gharama, muda, fomu na mahali pa kwenda, vyote pamoja, kazi itakuwa imefanyika mara moja kwa ajili ya wote. Lakini hata ndani ya mfumo uliopo, sehemu ya "Huduma Zetu" ipo kila mahali na katika tovuti nyingi ina sentensi chache tu. Hakuna anayemzuia afisa kuijaza. Kinachomzuia, kwa ninavyosikia, ni kwamba mkuu wa idara haulizi kamwe kama ukurasa wa mikopo umekamilika, ila huuliza kwa nini picha ya ziara yake haijapanda. Wakurugenzi ndio wenye uwezo wa kubadilisha swali hilo.

Na kama upangaji upya utafanyika, basi anwani za kurasa za zamani zisiuawe. Zimeshaandikwa kwenye barua, kwenye mabango ya ofisi za kata, kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, na Google inaendelea kuwapeleka watu huko kwa muda mrefu. Fundi anaweza kuiwekea anwani ya zamani maelekezo ya kumpeleka mgeni moja kwa moja kwenye ukurasa mpya, na kazi hiyo ifanyike kabla ya siku ya uzinduzi, orodha ya anwani za zamani na mpya ikiwa imekaguliwa mstari kwa mstari na mtu anayezijua huduma zenyewe, si fundi peke yake.

Wako,
Mkutubi mstaafu,
Morogoro